Wiki Nne za Gundi

Mtaani walimwita Gundi, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka ishirini na miwili alijalidi vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, akibandika migongo ya madaftari mpaka vidole vikashika harufu isiyotoka hata kwa limau. Kiwanda kilipofungwa, akachukua bahasha yake ya vyeti akaanza kuzunguka mjini kutafuta kazi. Kila asubuhi alimuaga mkewe, na kila jioni alirudi na jibu lilelile: "Wameniambia nisubiri."

Miezi mitano ya kwanza ilikuwa kweli. Baada ya hapo, niseme tu bila kumficha, mtu mzima alikata tamaa. Akawa anatoka na bahasha, anakata kona mbili, anashinda kwa rafiki yake kinyozi mpaka jua lipungue. Uongo wenyewe haukumnonesha. Alikonda, akawa hamtazami mkewe usoni wakati wa kula. Alichokiogopa kuliko njaa ni siku ambayo mama huyo, aliyekuwa akilisha nyumba nzima kwa cherehani ya miguu, angejua.

Siku moja umeme ulikatika kwa kinyozi, kinyozi akafunga. Ilikuwa saa nne asubuhi. Gundi akarudi kwa kunyata kupitia mlango wa uani, akajibanza chumbani apumzike kidogo halafu achomoke tena. Mkewe alikuwa sebuleni akishona sketi za shule. Kabla Gundi hajamaliza kuvua viatu, hodi ikapigwa.

Aliyeingia alikuwa karani wa takwimu, binti mwenye kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni. Akaeleza kwamba wanapima nguvu kazi na ukosefu wa ajira, na kwamba asiyekuwepo hujibiwa na mwenzake wa nyumbani. Nyuma ya pazia la mlango wa chumba, Gundi akabaki na kiatu kimoja mguuni, akatega sikio.

Mama akaanza kwa kujieleza yeye kwanza. "Mimi niko tu nyumbani, mwanangu. Sina kazi."

Karani akacheka. "Mama, na hizo sketi? Ukishona kwa malipo hata saa moja ndani ya siku saba, tunakuandika una kazi."

"Basi niandike nina kazi ya watu watatu."

"Na baba? Wiki iliyopita alifanya kazi, hata ya saa moja?"

"Hakufanya."

"Wiki nne zilizopita ametafuta? Kupeleka barua, kuulizia watu, chochote?"

Mama akaondoa miguu kwenye cherehani. Gundi akafumba macho.

"Hajatafuta," mama akasema taratibu. "Anashinda kwa kinyozi. Ni mwezi wa tisa huu."

"Amekuambia mwenyewe?"

"Aniambie nini? Shati linarudi limejaa nywele za watu! Nimenyamaza tu. Alitembea mpaka soli zikaisha. Ningemsema ningemmaliza."

"Sababu niandike nini? Hataki kazi?"

"Thubutu! Andika amechoka kukataliwa. Ikipatikana kesho ataenda hata pekupeku."

Gundi akaketi kitandani. Miezi yote hiyo ya kujificha, na mwenzake alikuwa akikung'uta shati bila neno! Machozi yalimtoka, na hakuyaonea haya. Moyo ulikuwa umetulia ajabu. Akajifuta kwa kiganja, akafungua pazia.

Karani nusura aangushe kishikwambi. Mama hakushtuka hata kidogo.

"Kumbe baba yupo! Basi ajibu mwenyewe, ndio utaratibu." Karani akafuta majibu, akaanza upya. "Baba, umetafuta kazi wiki nne hizi?"

"Sijatafuta," Gundi akasema, na ilikuwa raha kulisema.

"Basi kwa hesabu zetu, humo hata kwenye wasio na kazi. Tunayemwita asiye na kazi ni yule anayeitafuta. Wewe tunakuweka nje ya nguvu kazi."

"Nje kabisa?" Gundi akamgeukia mkewe, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akimtazama usoni.

"Hao ndio wamekutoa, baba watoto. Mimi sijakutoa." Mama akaondoa vitambaa kwenye kiti cha pembeni yake. "Kaa hapa. Hizi sketi nne hazijatiwa vifungo."

Gundi akakaa, akaomba sindano.