Hodi kwenye Hekalu la Bahati

Nilikuwa Japani, katika zile safari zangu zisizokwisha, mke wangu aliponipigia simu kutoka hospitali hapa Brussels: uvimbe umerudi. Nikaenda kwenye hekalu dogo la Shinto, katikati ya mashamba ya mpunga, linalosifika kwa kuleta bahati. Mama mmoja wa kijiji akanionyesha: inama, piga makofi mawili, mungu ajue umefika. Nikapiga, kisha Kiswahili cha kwetu Kivu kikanitoka: hodi! Mara tatu. Kimya.

Niliporudi nilimsimulia mke wangu kando ya kitanda chake cha hospitali, nikitaka acheke.

“Na balikuitika?”

“Hapana.”

“Bon. Hodi tatu bila jibu, muntu anarudia kwao. Donc unirudishe Bukavu, papa.”