Mwalimu Aliniuliza Swali Moja, Nikamponza Binti Yangu

"Mabinti wa pale chuoni hawasomi. Wanafanyiwa kazi zao."

Maneno hayo niliyasikia bombani, ndoo yangu haijajaa hata nusu. Aliyeyasema ni jirani yetu, tunamwita Redio kwa sababu hazimwi.

"Wanafanyiwa na nani?" nikauliza.

"Na yule Kipara wa duka la kompyuta. Na Kipara hafanyi kazi ya bure, shoga. Wako akitoka darasani hupitia wapi?"

Nikafunga bomba, ndoo haijajaa.

Wangu alikuwa anapitia hapohapo. Kila siku, saa nane hadi saa kumi.

Mimi ni fundi cherehani, shule yangu iliishia msingi. Nina binti mmoja tu. Alikuwa mwaka wa kwanza, anajifunza kuandika programu, yaani yale maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Darasani walikuwa arobaini. Wa kuendelea mwaka wa pili ni kumi. Zoezi moja la mwisho ndilo lingeamua.

Zoezi lenyewe alinieleza siku moja nikishona. Unaipa mashine urefu wa pande tatu, nayo iseme hiyo ni pembetatu ya aina gani. Pande zote sawa, mbili sawa, au hakuna zinazolingana.

Nilimjibujibu, pini ziko mdomoni, nikaendelea na kola ya mtu.

Nyumbani kompyuta hatuna. Hilo nalijua. Lakini uvumi ukishakuingia sikioni, unachokijua chote kinahama.

Siku tatu kichwani ni Kipara tu. Nikipiga pasi namwona Kipara. Nikitunga uzi namwona Kipara. Nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia, mteja akaniuliza kama naumwa.

Ningemuuliza mwanangu. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Siku ya nne nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda chuoni.

Mwalimu wake ni mwembamba, meza imejaa karatasi hadi pa kuweka kiwiko hana. Nilipojitambulisha akaweka kalamu chini.

"Afadhali umekuja, mama. Kazi ya binti yako imenisumbua."

Nikajua yametimia.

"Wenzake wote wamefanya nilivyofundisha," akasema. "Yake imeongeza kitu. Ukiipa mbili, tatu na tisa, inakataa. Inajibu kwamba pande hizi hazifungi, hapa hakuna pembetatu. Hilo sijawafundisha bado. Nikamuuliza nani kakusaidia. Unajua alisemaje?"

"Alisemaje?"

"Eti, mama yangu."

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka mwalimu naye akacheka.

"Mimi? Mwalimu, mimi hata kuiwasha hiyo mashine sijui! Huyo anakuficha. Anasaidiwa na Kipara wa duka la kompyuta, mtaa mzima unajua. Nakuomba umkanye kabla hajaharibikiwa."

Akaandika kitu kwenye karatasi ya mwanangu. Wino mwekundu. Nikamshukuru. Nikatoka pale najiona mama kwelikweli.

Kesho yake binti alirudi mapema. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Orodha ya kumi imebandikwa, jina lake halimo. Amepewa sifuri kwa udanganyifu.

"Mama, ulimwambia hukunisaidia?"

"Ningekusaidia nini mimi?"

Aliinuka. Akaenda kwenye kikapu cha mabaki, akatoa vipande vitatu vya utepe. Kimoja kirefu, viwili vifupi. Akavipanga mezani mbele yangu.

"Nilikuuliza kama pande tatu zozote zinatoa pembetatu. Ukachukua vipande kama hivi. Ukasema, 'Wee, hivi vifupi hata ukiviunga vyote viwili havifikii urefu wa hiki. Hapo hupati pembe, unapata utepe unaoning'inia. Fundi anaona hilo kabla hajashika mkasi.' Mimi nikaenda nikaliandika."

Nikakumbuka. Pini mdomoni na yote.

"Na Kipara?" nikauliza.

"Kipara ananiazima ile mashine ya pembeni, ambayo herufi mbili hazibonyezeki. Mkewe huwa amekaa hapohapo, mama. Ungeingia ungemwona."

Nilikimbia chuoni na utepe mkononi. Nikaumwaga mezani kwa mwalimu, nikamwonyesha, hiki kirefu, hivi vifupi, ona, havikutani!

Akaniangalia kwa huruma. Ile huruma mbaya.

"Mama, jana ulisema hujui kitu. Leo umekuja na utepe. Kila mzazi angemtetea wake. Nishike lipi?"

"Mwite mwenyewe akueleze!"

"Orodha imeshatiwa saini."

Nikamfuata Redio. Nikamuuliza habari ile aliipata kwa nani.

"Aah, shoga, si nilisikia tu?" Akajitwika ndoo yake, huyoo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata nipate mkwe.

Sasa binti yangu anakaa kwenye cherehani ya pili, pembeni yangu. Anakata vizuri kuliko mimi, na naona haya kumsifia. Heshima ipo, shikamoo ipo. Ila juzi kola ilimshinda. Akaifumua mara tatu, mimi nipo hapa, mkono ukinyooshwa unanifikia.

Hakuniuliza.

Wazazi wenzangu, hasa nyie mlioishia shule ya msingi kama mimi, someni haya mambo ya kuepuka:

Usichukue maneno ya bombani ukayapeleka ofisini.

Usiende kwa mwalimu kabla hujakaa na mwanao.

Duka usilolijua usilisemee ukiwa njiani. Ingia, salimia, tazama nani amekaa humo.

Usimjibu mtoto huku akili iko kwenye kazi. Yeye anashika ulichosema, wewe unasahau.

Mwanao akisema umemsaidia, usicheke.

Na usijiite mjinga mbele ya watu. Wataamini, halafu atakayelipia ni mwanao.