Droo Iliyofunguka Yenyewe

Mwenye supamaketi aliniuliza kwa simu swali moja tu: "Fundi, hii droo ya pesa inaweza kufunguka yenyewe?" Nilikuwa ofisini kwetu Industrial Area, tunakotengeneza mashine za madukani, chapati mkononi, na nikamjibu bila kufikiri, "Haiwezi, mzee. Lazima kuna mtu ameifungua."

Kesho yake asubuhi nilitumwa dukani kwake Kariobangi kwa sababu printa ya risiti ilikuwa ikirarua karatasi. Nilimkuta keshia amekalishwa juu ya kreti ya soda kando ya mlango wa stoo, amevuliwa aproni. Alikuwa mama wa makamo kutoka magharibi mwa nchi, mtu ambaye kila nilipofika aliniuliza kama nimekunywa chai. Siku hiyo hata hakuinua macho. Soja, yule mlinzi wa mlangoni, alisimama karibu naye.

"Tumemshika," mzee akaniambia. "Wiki nzima namwona. Droo inafunguka na hakuna mteja mbele yake. Si wewe mwenyewe ulisema haiwezi? Sasa nangoja polisi."

Niliinama nyuma ya kaunta. Kukitoa kipande cha karatasi kilichokwama hakukuchukua hata dakika mbili. Kisha, kama kawaida, nikachapisha karatasi ya majaribio. Printa ikalia, na droo ikaruka wazi, ikanigonga mbavu.

Nikaifunga. Nikachapisha tena. Ikafunguka tena.

Droo ile iliunganishwa na printa kwa waya, na printa huambiwa wakati wa kuifungua na draiva, ile programu ndogo tunayoingiza kwenye kompyuta ili iweze kuitumia printa. Wiki mbili nyuma, mimi ndiye niliyeingiza draiva mpya kutoka kwenye disketi. Nilifungua mipangilio yake. Palipoandikwa kwamba droo ifunguliwe kila karatasi inapotoka, palikuwa na alama ya vema. Nilikuwa nimeiacha pale. Kila mara mama yule aliporudia risiti iliyoraruka, droo ilijifungua.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio kazini. Kuiondoa alama ile ni kubonyeza mara moja tu, na hakuna mtu mle dukani ambaye angejua. Mkono wangu ulikuwa juu ya mausi tayari. Nikamsikia mzee akimtuma soja kituoni kuuliza mbona polisi wanachelewa.

"Mzee," nikasema. "Hebu njoo uone."

Akaja. Nikachapisha, droo ikamgonga tumboni.

"Tena," akasema.

Nikarudia.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi. Nilikosea nilipoweka ile programu."

"Na jana kwa simu?"

"Sikuangalia. Nilijibu tu."

Mzee aliifunga droo kwa kiganja. Kisha akamwita soja arudi, akachukua aproni na kumnyooshea mama. "Haya mama, watu wanangoja."

Mama alisimama, lakini hakuipokea. "Nitaivaa ukiwaambia hawa," akasema, akionyesha foleni iliyokuwa imefika hadi kwenye rafu za unga. "Walisikia ukiniita mwizi."

Mzee alikohoa, akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu mama hakuiba kitu. Ni mashine." Ndipo mama akaivaa.

Nilipomwambia pole, alijibu, "Nimesikia," huku akipiga bei ya sabuni ya mteja wa kwanza.

Ofisini nilipewa barua ya onyo, na kwa miezi kadhaa sikuruhusiwa kwenda kwa mteja peke yangu. Mara ya pili nilipofika pale, nikiandamana na fundi mkubwa, nilikuta msichana nisiyemjua kwenye kiti cha keshia. Soja aliniambia yule mama alimaliza mwezi, akachukua mshahara wake, akaaga kila mtu vizuri, na hakurudi.