Punda wa Mistari Mitatu

Muuza mapazia aliingia kwenye gereji aliyopanga Mama Rangi akitafuta picha za bei nafuu za kuchapa kwenye foronya. Mama Rangi alikuwa fundi wa mabango ya maduka mpaka ngazi ilipomwangusha, nyonga ikagoma. Tangu hapo alifundisha humo watoto wa mtaa kuchora wanyama. Wazazi walimpa walichokuwa nacho, na mara nyingi hawakuwa nacho.

Ukutani alibandikwa mbuzi ambaye ungedhani atalia sasa hivi. Kando yake ng'ombe mwenye miguu ya meza, kisha jogoo wa pembetatu tupu. Mwisho kabisa, mistari mitatu na doa jekundu.

"Na hii ajali ni ya nani?"

"Ya mjukuu wangu. Muulize mwenyewe, mdomo anao."

"Ni punda," kasichana ka chekechea kakajibu kutoka sakafuni. "Amechoka."

Muuza mapazia alicheka mpaka akakohoa. Akapatana bei ya mbuzi, punda akamtaka awe nyongeza. Lakini soko halina adabu: mbuzi alikaa rafuni akila vumbi, punda akaisha kabla ya mwezi.

Akarudi mbio, akamkuta mwenye gereji anadai chumba chake.

"Mama, kodi niachie mimi. Kila mwezi nipe mnyama mmoja wa huyu mtoto, kama yule punda. Siku akikosekana, na mimi sipo."

"Mmoja tu? Hapo umeliwa, baba."

Furaha ikamponza. Mama Rangi aliona mkono unaobeba darasa zima haufai kuachwa mbichi. Kila jioni akamkalisha mjukuu: kwato hukaa hivi, kivuli huangukia huku. Mwezi ulipotimia, mtoto akamkimbilia mnunuzi na twiga mwenye kope.

"Shikamoo babu! Ona, sasa najua!"

Muuza mapazia akamgeukia bibi. "Umemfanya nini?"

"Nimemfundisha. Kazi yangu ndiyo hiyo."

Wakahangaika naye. Wakamfunga kitambaa machoni, wakampa kalamu mkono wa kushoto. Bibi akambembeleza, "Chora ovyo, mama, kama zamani." Mtoto akavuta mistari mitatu, akaitazama, akaichana.

"Huyu hajachoka, bibi. Anajifanya."

Muuza mapazia hakuwa mtu wa kuzoa maji yaliyomwagika. Aliaga siku ileile. Gereji ikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Watoto wakatawanyika, na yule mchora mbuzi sasa anaosha magari. Punda naye akaigwa na kila duka, na muuza mapazia akarudi kuuza maua yaleyale wanayouza wenzake wote.

Alipopita siku moja chini ya dirisha la Mama Rangi, aliuliza kama mjukuu bado anachora.

"Achore nini?" bibi akasema. "Vizuri mlimkataza, vibaya hawezi tena."