Ua la Memsahib na Maji ya Moto

Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, ingawa kosa lilikuwa langu. Miaka ya hamsini nilitunza bustani ya memsahib mmoja pale Milimani, Nakuru. Ua lake refu, lililonipita kimo, lilichanua vizuri, kisha likakauka lote mpaka chini. Nikaapa kwamba mpishi wetu, Barasa, alilimwagia maji ya moto ya sufuria. Nikamkokota mpaka kwa memsahib, mbele ya wageni wake.

"Huyu ameua ua lako! Mfukuze!"

Barasa, baba wa watoto watano, akakana. Memsahib akaenda penye shina la ua lile, akafukua udongo kwa kidole. Chini kulikuwa na machipukizi mabichi.

"Hapana kufa," akasema kwa Kiswahili chake cha Kizungu. "Nalala tu. Kila mwaka nalala."

Ua gani hilo linalojifanya maiti?

Barasa akanigeukia. "Na wewe ndiye fundi wa maua?"