Wifi, Sikiliza

Ofisini walimwita Mama Nyufa. Alikuwa mkaguzi wa majengo, na ufa hata ungejificha nyuma ya kabati, angeunusa. Sifa yake nyingine ilikuwa ripoti ndefu. Wenzake waliandika kurasa chache wakaenda zao nyumbani. Yeye alikaa, akafumba macho, akalipita jengo upya kichwani kuanzia getini hadi paani, huku vidole vikichapa kila alichokiona. Kazi hiyo aliipenda, tusifichane. Waliomwonea huruma kwa kubaki ofisini walikuwa wanapoteza huruma yao bure.

Basi mikono ikamsaliti. Kilianza kifundo cha kulia, kikafuata cha kushoto, hadi kufungua chupa ya maji ikawa jambo la kuomba msaada. Daktari akampiga marufuku kuchapa. Mkuu wa idara, mwanamume wa maneno machache na kalamu nyekundu, akamwita na kumweleza la kufanya: achague programu ya kuandika kwa sauti, aijaribu kwa ripoti moja ya kweli, ile ya bweni la shule. Ikishindikana, atahamia mapokezi kugawa namba kwa wageni. Aliyasema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomkata maini.

Fundi wa kompyuta akamwekea programu tatu za majaribio. Akaenda nazo nyumbani, maana ofisini nani angekubali kuonekana anaongea peke yake? Akajifungia chumbani na gazeti, akasafisha koo, akaanza kusoma. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mtangazaji wa taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi. Wifi yake, dada wa mumewe, msusi aliyeishi nao na asiyejua kunyamaza, akagonga ukuta kuuliza kama ajira za redioni bado zipo.

Programu ya kwanza iliandika upesi ajabu, na bila kosa. Ya pili ilidai mtandao kila wakati, na mtandao wa nyumba ile ulikuja ulipotaka wenyewe. Ya tatu ilikuwa nzito. Unamaliza sentensi, inakaa tu, ndipo maneno yanajitokeza moja moja kama wageni waliochelewa harusini. Akaichagua ya kwanza papo hapo, akalala usingizi mzito.

Kesho yake, alipoanza ripoti ya bweni, mambo yakaenda mrama. Kusoma gazeti ni rahisi, maneno tayari yapo. Sasa kila alipofumba macho kulitafuta jengo, alinyamaza, na programu ikadhani amemaliza, ikajifunga. Akaifungua, akaanza tena kwa sauti ile ya redio. Getini akafika, ukutani akafika, kwenye ngazi kichwa kikawa cheupe. Mwisho wa yote alikuwa na ukurasa mmoja, nao ulisomeka kama hotuba ya kuzindua daraja.

Akajiona mapokezini, akigawa namba mpaka astaafu. Alilia kidogo, akapangusa machozi. Kisha akaifungua ile programu nzito, ili tu asije akaambiwa hakujaribu.

Hapo wifi akaingia, katoka saluni miguu imevimba, akajitupa kitandani bila hodi kama kawaida yake. Akayaona macho mekundu. Akauliza hilo bweni lina nini hata limlize mtu mzima.

"Wifi, sikiliza," Mama Nyufa akasema, akafumba macho.

Akamweleza yote. Geti, uwanja, ukuta wa mbele wenye ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha. Alizungumza kama wanavyozungumza jikoni, akinyamaza alipotaka, akirudi nyuma aliposahau kitu, na wifi akiitikia ehee, ehee. Walipofika ghorofa ya juu akasema vitanda vimebanana, ngazi ya mbele ni nyembamba, na mlango wa ngazi ya nyuma una kufuli kwa kuwa matroni anaogopa wezi. Akalipita kufuli hilo, akaanza kupanda paani.

"Ngoja kwanza," wifi akasema. "Moto ukiwaka, hao watoto wanatokea wapi?"

Mama Nyufa akafumbua macho. Kichwani alikuwa ameshalipanga kufuli lile mwishoni kabisa, kwenye kasoro ndogondogo, kati ya bomba linalovuja na taa zilizoungua. Si kwamba hakuijua sheria. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake. Ila miaka yote ripoti zake zilifuata njia ya miguu yake, na mlango ule ulikuwa nyuma.

"Hawana pa kutokea," akasema.

Alipoitazama kompyuta, bado ilikuwa ikiandika. Ile nzito ilikuwa imesubiri kila alipokaa kimya, ikaokota kila kitu, pamoja na ehee za wifi na habari aliyochomeka ya mteja wa saluni aliyegoma kutulia kwenye kiti. Wakacheka hadi mume akaja kuchungulia. Kisha wakakaa pamoja, wifi ameshika kipanya, wakafuta porojo na kuupandisha mlango wa nyuma hadi sentensi ya kwanza. Hawakutaka kulala na jambo lile moyoni, wakaituma ripoti vilevile bila kuipitia tena.

Asubuhi, akiwa mezani pake, ndipo alipogundua haraka ilivyomponza. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, mbele ya kichwa cha ripoti, yalikuwa yamebaki maneno mawili: Wifi, sikiliza. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkuu alikuwa ametoka tangu alfajiri na hakuna aliyejua alikokwenda, na Mama Nyufa akaanza kupanga vitu vyake kwenye boksi ili kesho asisumbuke.

Alasiri mkuu akarudi na vumbi kwenye viatu, akamwekea ripoti mezani, akapita zake. Ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Kalamu nyekundu ilikuwa imegusa mahali pamoja tu, pembeni ya maneno yale mawili. "Mimi si wifi yako, lakini nimesikiliza. Kufuli nimelikatisha nikiwapo. Jumatatu nenda ukakague soko."

Alimpigia wifi kabla hata ya kumpigia mumewe. Fundi wa kompyuta alipokuja kuuliza abakize programu ipi, akamwambia ile nzito. Fundi akashangaa, akamkumbusha kwamba ya kwanza ina kasi zaidi, akajibiwa kwamba haina subira.

Tangu hapo kila ripoti yake huanza vilevile, wifi awe kitandani au awe saluni na mikono imejaa nywele. Maneno mawili ya kwanza huyafuta kabla ya kutuma, na siku hizi hukagua mara mbili.