Ng'ombe Wangu Hakulala Endabash

Upo mchana mmoja wa Karatu ambao hunirudia kila anapokuja mmoja wenu, vijana ninaowafundisha kazi, na kompyuta mkononi, uso umemvimba, akaniambia, "Mama, imegoma." Imegoma nini, mwanangu? Punda hugoma. Kanzidata haigomi. Inajibu kile ulichoiuliza, na hapo ndipo shida yetu yote inapoanzia.

Kaa, nikusimulie. Jambo hili nimelieleza mpaka nimechoka, na najua wiki ijayo nitalieleza tena kwa mwingine.

Nilikuwa msichana, nimetoka chuo, nimeajiriwa na mradi wa chanjo ya mifugo uliokuwa na ofisi pale mjini, kando ya barabara iendayo lango la Ngorongoro. Magari ya watalii yalipita mbele ya dirisha letu tangu asubuhi, na vumbi jekundu lilikuwa likitua kwenye kibodi kabla hujamaliza kuipangusa. Mkuu wetu alikuwa Dakta Massawe, mama mmoja mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti, na ukimya wake ulituogopesha zaidi ya makelele. Tulikuwa wawili kwenye kompyuta: mimi, mtoto wa Endabash, na Godlisten, kijana wa Machame aliyekuwa ametoka kwenye loji moja alikoshughulikia orodha za wageni. Godlisten alikuwa na vidole vyepesi. Wewe ukitafuta herufi, yeye amekwishamaliza mstari.

Kanzidata yetu ilikuwa na majedwali matatu. Usikunje uso, ni rahisi. Moja lilikuwa la wenye ng'ombe: jina la mtu na kata anayoishi. Jingine la ng'ombe wenyewe, kila mmoja na namba ya hereni yake, mwenye naye ni nani, na analala zizi gani. La mwisho lilikuwa la mazizi: nani analitunza, na liko kata gani. Ukitaka jibu linalogusa zaidi ya jedwali moja, unaandika swali linaloyaunganisha. Kazi ni hiyo tu. Watu wamesoma miaka kadhaa ili waifanye ionekane ngumu.

Basi homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia upande wa Baray, kule chini kuelekea Ziwa Eyasi. Chanjo ikaletwa kwenye masanduku ya barafu, haba, na gari lilipangwa kuondoka alfajiri ya siku iliyofuata. Chanjo ile haina subira. Ukiipeleka kusikohusika, ukaifungua, ukakuta ng'ombe hawapo, huwezi kuifunga na kuihamishia kwingine. Kwa hiyo Dakta alitaka jibu moja tu: kila kata ina ng'ombe wangapi, ili ajue sanduku lipi liende wapi.

Godlisten akaandika swali, akabonyeza, jibu likatoka. Ganako, ng'ombe wengi. Endabash, wengi. Baray, kama wa kubahatisha.

Kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi Mzee Lohay, mfugaji wa Baray. Alikuwa amepanda juu ya lori la vitunguu tangu kabla ya jua, amekuja kuuliza kama wamekumbukwa. Tulifahamiana, kwa maana alikuwa rafiki wa baba.

"Binti Bura," akaniita kwa jina la baba yangu, "mashine inasema Baray tuna ng'ombe wangapi?"

Nikamtajia. Mzee akacheka mpaka akashika goti.

"Hao ni wa zizi langu peke yake. Na nusu yao wako mtoni wanakunywa maji."

"Shikamoo tena, mzee," Godlisten akasema bila kugeuka. "Mfumo hauna kosa. Jumla iko sawa."

"Marahaba, kijana. Na huo mfumo unakohoa? Maana ng'ombe wa jirani yangu wanakohoa." Kicheko kikamwisha. "Sikilizeni. Wakifa walio wangu, nitalia, basi. Lakini wengi pale si wangu. Wakifa wa watu, nitawaambia nini wenyewe?"

Hapo nikueleze, kwa sababu ninyi mliozaliwa nyumba za mjini mnaweza kuwa hamjui. Kwetu Wairaqw mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Wawili anampa rafiki wa bondeni, mmoja anampa shemeji wa Mbulu, na yeye mwenyewe anatunza wa wengine. Ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, bado unabaki na kitu upande mwingine. Anayetunza anakunywa maziwa na anapata samadi. Hakuna wanachoandikiana. Kilichopo ni kwamba amekuamini, nawe utakutana naye kanisani macho kwa macho.

Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta ile, ujuzi wa nyumbani niliuacha mlangoni kama viatu vyenye tope.

Tukaanza kuhangaika. Tukazima, tukawasha. Godlisten akaandika swali lilelile upya, kwa kasi zaidi, likatoa jibu lilelile. Nikabadilisha huku, yeye akabadilisha kule, mpaka hatukujua tena kilichobadilika ni kipi. Umeme ukakatika. Ukarudi. Ukakatika. Mlinzi akaenda kuwasha jenereta, nayo ikakohoa kuliko ng'ombe wa Baray. Nikahesabu jedwali la ng'ombe peke yake, nikalinganisha na jumla ya jibu letu. Zililingana, mnyama kwa mnyama.

"Si nilikwambia? Jumla iko sawa."

Alilisema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba nilitamani kumpiga kwa kibodi. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Hakuna ng'ombe aliyekuwa amepotea. Hakuna neno jekundu lililotokea kwenye skrini. Kosa linalopiga kelele unalishukuru; hili lilikuwa limekaa kimya, limenyooka, limevaa vizuri.

Dakta Massawe akatoka chumbani kwake.

"Mnabishana na nani?"

Tukamweleza, wote wawili kwa pamoja. Akangoja mpaka tukaishiwa pumzi.

"Mnatazama ng'ombe wote kwa mara moja, ndiyo maana hammwoni hata mmoja. Nitafutieni ng'ombe mmoja. Mmoja mnayemjua kwa macho. Mfuateni kutoka jedwali hadi jedwali, halafu mniambie ameishia wapi."

"Mimi Dakta ng'ombe ninayemjua ni wa kuchoma," Godlisten akasema.

Hakucheka mtu. Lakini mimi nilikuwa na mmoja. Nilipomaliza shule baba alinipa mtamba mwekundu, mwenye alama nyeupe usoni, na kama ilivyo desturi hakumleta nyumbani. Alimpeleka kwa rafiki yake wa Baray.

"Mzee," nikamwuliza Mzee Lohay, "mtamba wangu bado yuko kwako?"

"Yuko. Jana kanikanyaga mguu, adabu hana. Kama mwenyewe utotoni."

Nikaandika swali dogo kuliko yote niliyowahi kuandika: nipe ng'ombe huyu mmoja, na kila kinachojulikana juu yake. Likaja. Mwenye ng'ombe: Bura, wa Endabash, maana aliandikishwa kwa jina la baba. Zizi: la Lohay. Halafu nikampitisha kwenye swali la Godlisten, nikaona mtamba wangu amehesabiwa Endabash.

Mtamba yule hajawahi kulala Endabash hata usiku mmoja.

Basi ikawa wazi. Majedwali mawili yalikuwa na safu ya kata. Kata ya mtu, na kata ya zizi. Swali letu lilikuwa limewaunganisha ng'ombe na wenye nao, likachukua kata ya mtu, na lile jedwali la mazizi halikuguswa kabisa. Tuliuliza wenye ng'ombe wanaishi wapi, tukajibiwa kwa usahihi mkubwa. Tulichotaka kujua ni ng'ombe wanalala wapi. Ukiulizwa kule loji wageni wametoka nchi gani, unamfuata mtu, na Godlisten alikuwa amezoea kumfuata mtu.

Godlisten akageuka kutoka kwenye skrini. "Lakini inawezekanaje mtu akae Ganako, ng'ombe wake wawe Baray?"

"Kijana, kwenu ni wapi?" Mzee Lohay akamwuliza.

"Machame."

"Jana umelala Machame?"

Godlisten akacheka peke yake, akavuta kiti, akaanza kuandika upya.

Tukawaunganisha ng'ombe na mazizi, tukachukua kata ya zizi. Baray ikapanda kama ilivyostahili. Nikataka kushangilia, ila sasa jumla ikawa imepungua! Mungu wangu. Nilikaribia kulia. Kumbe kuna ng'ombe ambao makarani walipowaandikisha waliacha nafasi ya zizi tupu, na ukiunganisha majedwali kwa njia ya kawaida, asiye na mwenzake upande wa pili anatupwa nje bila hata kuambiwa samahani. Tukaandika swali linalowabakiza hata hao, wakajitokeza na nafasi zao tupu. Tusiwakisie, Dakta akasema. Tukashika simu, tukawapigia wenyewe mmoja mmoja kuwauliza ng'ombe wao wako kwa nani. Mwingine alitujibu kwa ukali, "Mnataka kujua ili iweje?" Jua lilikuwa halijazama tulipomaliza.

Alfajiri masanduku mengi yakashuka Baray. Chanjo si dawa, kwa hiyo waliokuwa wameshaugua hawakuokoka, na jirani ya Mzee Lohay aliumia sana. Mzee Lohay naye alipoteza mmoja, wake mwenyewe, na akalia kama alivyosema. Wa watu walisimama wote, wazima.

Sasa mwanangu, ukija kwangu tena, usiniambie imegoma. Niambie kwa maneno ya kawaida ulitaka kujua nini, kabla hujanionyesha ulichoandika. Ukishindwa kulisema kwa Kiswahili cha sokoni, kompyuta utaiambia nini? Siku hizi mnaandikiwa swali zima na akili mnemba kwenye simu. Sikatai, hata mimi huitumia. Lakini nayo haijui ng'ombe wako analala wapi. Itaokota safu yoyote yenye jina la kata na kukuletea jibu linalong'aa. Jumla ikilingana, usilale. Chukua mmoja unayemjua kwa macho, mfuate. Badilisha kitu kimoja, tazama, ndipo uguse kingine, si kama tulivyovuruga sisi. Na nafasi tupu usiisome kama sifuri, wala usiijaze kwa kukisia. Ina maana hujaambiwa. Nenda ukaulize.

Nimesema kwa ukali, najua. Ni kwa sababu kwenye kila mstari wa majedwali yenu yuko mtu ameketi kwenye benchi anangoja, na yeye hatauona uzuri wa swali lako.

Haya, chukua kompyuta yako, unywe na chai kabla hujaondoka. Mungu akutulize mikono, akufungue macho, na kila ulichokabidhiwa na watu akisimamishe, ili siku watakapokuja kukiulizia uwatazame usoni.